Nilisimama Nje ya Nyumba Yako

Mwanangu Nyakundi,

Nimetoka kanisani sasa hivi, viatu bado vina matope, na mvua imeanza kama kawaida yake ya saa nane. Sabato haijaisha. Sijui kama kuandika barua ni kazi au si kazi, lakini nikingoja jua lizame nitakuwa nimepoa na sitaandika kitu. Onchari wa bodaboda ameahidi kukuletea huko Kiogoro jioni. Kesho mnaondoka, wewe na mke wako na watoto wawili, kwa baiskeli, mpaka Malawi. "Tata, tunaondoka Jumapili saa moja asubuhi." Ujumbe wako wa simu ulikuwa huo tu, maneno sita, na nimeusoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukubali.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nataka mkeo, mama Ombati, naye aisome. Yeye ni Mtaita na Ekegusii chake kinaishia kwenye salamu. Tena lugha ya nyumbani mimi naijua kwa mdomo tu. Shuleni walitufundisha kuandika nyingine. Ukiona nimekosea mahali, wewe ndiye uliyesoma, sahihisha kimoyomoyo.

Sitakuandikia habari za makoti ya mvua, wala vyandarua, wala mahali pa kulala mkishavuka mpaka pale Isebania. Hayo mmeyapanga miaka minne, na baiskeli ya mwisho niliyopanda mimi ilikuwa na kengele isiyolia. Wewe una duka la baiskeli mjini Kisii. Ningekufundisha nini? Nimekiona kile kigari cha kuvuta nyuma ambacho Moraa atakalia, chenye paa la turubai, na ile nusu baiskeli uliyomwunganishia Ombati nyuma ya yako ili naye akanyage. Nilijifanya siviangalii. Niliviangalia vizuri sana, hadi nati.

Huku kijijini wamenichosha. Onchari mwenyewe aliniuliza juzi pale stejini, "Mzee, hiyo watu yako siku hizi ni wazungu? Mtu ako na duka, si anunue gari?" Wakacheka wote, nami nikacheka nao. Mzee wa kanisa akaniambia wataendelea kuwaombea hao watoto, kwa ile sauti wanayotumia wakienda kumwona mgonjwa. Sikukutetea. Ningeweza kusema kwamba mtoto wa miaka saba anayejua kuziba pancha hatapotea duniani. Sikusema, kwa sababu maneno ya kukusema waliyapata kwangu.

Wiki tano zilizopita nilikuja kwenu, nikakaa nje chini ya mparachichi kama ninavyokaa siku zote. Mama Ombati akaleta chai. Ulipokunjua ramani nikakuambia, mbele yake na mbele ya watoto, kwamba mtu mwenye akili zake hafungi watoto kwenye baiskeli kama mikungu ya ndizi, na kwamba ukipoteza mtoto huko usirudi kwangu na kilio. Ombati aliacha kucheza. Ulikunja ramani polepole, kisha ukasema bila kupandisha sauti, "Tata, wewe hujui vile watoto wangu wanaishi. Hujawahi kuona ndani ya hii nyumba."

Nikachukua kofia nikaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo hatujaongea.

Nimebishana na maneno yako peke yangu, shambani na kitandani, na nimeshindwa. Mama Ombati, hapa nasema na wewe. Umeishi na jambo hili miaka minane na sijui kama kuna mtu amewahi kukaa chini akueleze. Kwetu baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Tunaita chinsoni, ile heshima na aibu iliyopo kati ya mzazi na mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima. Babu yangu hakuingia kwa baba yangu, na baba yangu hakuingia kwangu. Nyumba yenu ilipokuwa inajengwa nilikanyaga msingi wake, nikashika kamba ya fundi, nikachagua mabati. Siku mlipohamia, nikabaki uani.

Sasa, Nyakundi, ile malaria. Hatujawahi kuizungumzia, na leo nataka kuizungumzia.

Mama yako alikuwa ameshatuacha. Mama Ombati alikuwa Taita kumzika mama yake, na Moraa, aliyekuwa bado ananyonya, alikwenda naye. Ulibaki na Ombati wa miaka minne. Ukanipigia simu asubuhi: "Tata, mwili hauna nguvu. Ukipata nafasi, pitia." Wewe si mtu wa kusema hivyo. Nilifika saa sita, nikapiga hodi kwa mbali, pale penye bomba. Mlango ulikuwa wazi. Ombati akatoka na fulana tu, hana suruali, akaniambia mimi babu yake, "Sokoro, baba amelala chini."

Nilimwambia akupelekee maji. Alijaza kikombe, akakishika kwa mikono miwili, maji yakamwagika njia nzima, kisha nikasikia kikombe kikianguka ndani. Nikasikia ukimwambia, "Ni sawa, Ombati. Leta ingine." Akarudi bombani. Mara ya tatu alikuwa analia. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka mlangoni, mwavuli mkononi.

Nikasogea dirishani nikakuuliza kama umekunywa dawa. Nikakushauri ujifunike. Nilikushauri, Nyakundi, kupitia nondo za dirisha. Nilikusikia ukitapika, kisha kukawa kimya, nikaita jina lako na hukujibu, na hata hapo miguu yangu haikwenda. Nilikimbilia kwa jirani, Mama Kemunto, nikaambiwa yuko sokoni anauza mboga. Ningeweza kuita teksi mwenyewe, lakini nani angekuinua sakafuni? Nikarudi nikasimama. Mama Kemunto alipofunga kibanda chake saa kumi na nusu akapita, akaniona, akasikiliza maneno yangu mawili, akaingia moja kwa moja bila kuvua viatu. Yeye na dereva wa teksi ndio waliokubeba. Ulipovuka kizingiti nikakupokea, nikakushika kichwa mpaka zahanati, na nguvu zangu zote zikarudi kwa sababu sasa ulikuwa nje.

Muuguzi akauliza mgonjwa alikuwa na nani tangu asubuhi. Nikasema, mimi. Akanitazama. "Na mbona mmechelewa hivi, mzee?" Nikamwambia barabara ilikuwa mbaya.

Ulipopona hukunilaumu. Ulinishukuru kwa kuja. Afadhali ungenitukana.

Miezi kadhaa baadaye Ombati alinijia pale uani, akaniegemea goti, akauliza, "Sokoro, wewe unaogopa nyumba yetu?" Nikamwambia ni desturi, atajua akikua. Akasema sawa, akaenda kucheza. Jibu la kweli lilikuwa ndiyo.

Desturi ipo, siikani, na bado naiheshimu. Lakini nawajua wazee wenzangu, wakali kuliko mimi, waliokwenda Nairobi kutibiwa wakalala miezi katika nyumba za kupanga za watoto wao, chumba kimoja na pazia katikati, na waliporudi hakuna aliyewauliza. Nilipomsimulia mmoja wao habari ya malaria yako alinikazia macho. "Sasa nyumba ikishika moto na mtoto ako ndani, utangojea jirani?" Kwa hiyo siwezi kuwabebesha babu zangu mzigo huu. Mimi niliogopa tu. Sijawahi kujua la kufanya mtoto wangu akiwa dhaifu mbele yangu. Mama yako ndiye aliyejua. Mimi nilikuwa hodari wa mambo ya nje, majani chai, ng'ombe, mikutano ya shule. Desturi ilinipa mahali pa kusimama ambapo hakuna mtu angeniuliza, nami nikasimama hapo mpaka nikazeeka.

Kuna jingine, na hili ndilo limenifanya nitafute kalamu. Kabla ya ule ugomvi wetu, siku ulipokuwa unafunga ile nusu baiskeli, nilikusikia ukimwambia Ombati, "Miguu unaweka hapa, hautoi. Mimi nikiwa mdogo nilikuwa mtukutu, nikaingiza mguu kwa spoki, nikasumbua sokoro wako sana." Ukamwonyesha lile kovu la kisigino.

Hukuingiza mguu, Nyakundi.

Ulikuwa na miaka mitano. Tulikuwa tunatoka soko la Nyakoe, ndizi zimekwisha, nikakuweka nyuma panapokaa mikungu. Watu wenye busara walikuwa wakimfunga mtoto miguu kwa kitambaa kwenye vyuma vya kando. Kitambaa nilikuwa nacho mfukoni. Ukaniambia, "Tata, nasikia usingizi." Nikakuambia shika shati langu, tumefika. Hatukuwa tumefika. Pale kwenye mteremko jirani yetu mmoja akanipita na baiskeli yake akicheka, nami nikamkimbiza. Hivyo tu, nilitaka kumpita mtu. Ulisinzia, mguu ukaingia kwenye gurudumu.

Nyumbani mama yako aliniuliza imekuwaje. Nikamwambia ulikuwa unachezesha miguu na nilikuwa nimekukanya. Ulikuwa umelala mapajani pake, kitambaa kile kile kimefungwa kisiginoni na damu inapita, ukanitazama. Ulijua. Akakugombeza huku analia, nawe ukasema hutarudia. Baiskeli niliiuza mwezi uliofuata, nikawaambia watu imenichosha. Miaka ikaenda, ukaanza kuisimulia mwenyewe vile nilivyoisema mimi, na sasa naona unaiamini. Mama yako alikufa akiiamini pia.

Nakuomba umwambie Ombati ukweli kabla hamjaanza safari. Mwambie sokoro wake ndiye aliyesema uongo. Asikanyage njia yote hiyo nyuma yako akidhani baba yake alikuwa mtoto mbaya.

Ndiyo maana nilipiga kelele siku ya ramani. Sikuwaona watoto wako, niliuona mguu wako.

Mafundisho sina mengi, na hata haya nimeyapata nikiwa nimechelewa. Kuna siku huko mbele utaogopa. Lori litakupita karibu mno, au Moraa atashikwa na homa mahali usipojua hata jina la kijiji. Ukiogopa, sema umeogopa. Mwambie mkeo, waambie hata watoto. Mimi nikiogopa nilikuwa nageuka mkali, na nisipoweza kuwa mkali natafuta sheria ya kujificha nyuma yake, na watu wakanisifu kwamba ni mtu wa msimamo. Na mtoto akikuambia amechoka, simameni. Hata kama mji mnauona mbele yenu. Hata kama kuna watu barabarani wanaowatazama na kucheka.

Mtoto akiuliza kwa nini, mjibu siku hiyo hiyo. Mimi niliwaambia mtajua mkikua, nanyi mlikua, na mlichojua ni kutoniuliza.

Hali yangu mimi nitakuambia ingawa hujauliza, na sikulaumu. Naishi, lakini si vizuri sana. Napika ugali wa watu wawili kwa sababu sufuria ndogo sijui mama yako aliiweka wapi, na nimeona aibu kuitafuta kwa bidii miaka yote hii. Mabaki nampa mbwa, ambaye amenenepa kuliko mbwa wote wa Nyamira. Redio naiwasha ili kuwe na mtu anayeongea. Nimeanza kumsimulia ng'ombe habari za kanisani, na ng'ombe ana subira, lakini hana maswali.

Ulikuwa unanipigia simu kila Jumatano. Sikujua kwamba nilikuwa naingojea Jumatano hiyo mpaka ulipoacha. Sasa ikifika jioni yake napanda juu mwisho wa shamba la chai, pale simu inaposhika vizuri, nakaa. Watu wakinipita nawaambia naangalia kama majani yameiva. Wiki tano naangalia majani yale yale. Wachumaji wangu wanadhani nimeanza kuwashuku.

Na kuna Moraa. Mlimpa jina la mama yako, kama inavyopasa, na mimi nimemtania tangu azaliwe kwamba ndiye mke wangu na siku moja nitampa jiko. Mara ya mwisho alinijibu, "Jikoni utapika mwenyewe." Mama yako angejibu hivyo hivyo. Nikimwona kwenye kile kigari chake kesho akienda, nitakuwa nimeagana na jina hilo mara ya pili. Sisemi hivi ili mkae. Nendeni. Mmejitayarisha, na hata mimi usiku nimeota niko nyuma yenu nasukuma. Nasema hivi kwa sababu nimeficha mengi maishani na sioni kilichobaki cha kulinda.

Miezi sita ya safari yenu ni mingi. Mtu akiwa peke yake na akili yake, huwapitisha watu wake machoni: sasa wanakula, sasa wanalala. Nimejaribu kufanya hivyo na ninyi nikagundua sina pa kuanzia. Nawajua mkiwa uani tu. Sijui watoto wanalala upande gani, wala kama mnakula mezani au mikekani. Ombati aliniambia picha ya mama yako iko ukutani, lakini sijui ukuta upi, wala ameelekea wapi. Nilichagua mabati ya nyumba hiyo na sijui mvua inasikikaje mtu akiwa chini yake. Ulisema kweli, na ulisema kwa upole kuliko nilivyostahili.

Leo baada ya ibada nilikaa na wazee wawili wa ukoo wetu nikawaambia ninachotaka kufanya. Mmoja amekubali. Mwingine amenung'unika, akasema dunia imeharibika, kisha akauliza mtaondoka saa ngapi ili naye aje barabarani kuwaona. Kwangu inatosha. Lakini nyumba ni ya mama Ombati kabla haijawa ya wazee, na yeye ameniheshimu miaka minane kwa desturi isiyokuwa yake. Muulize kwanza, na umwache ajibu bila kumsukuma. Akiona si sawa, mwambie Onchari, naye ataniletea jibu usiku huu. Nitasimama tu penye njia panda, niwapungie mkono, na nakuapia sitanuna.

Lakini akikubali, nitafika saa kumi na mbili, kabla hamjafunga mizigo. Nitakunywa chai, nitaomba pamoja nanyi, mtanionyesha vitanda vya watoto, na mtakwenda.

Msinitolee kiti nje.

Baba yako